Uwanja wa Mji na Lugha ya Afande

Shikamooni wazee, hamjambo vijana. Najua hapa Kampala ukimwamkia mtu "shikamoo" anaweza kucheka akakuuliza umeshuka na basi gani kutoka Tanga. Cheka, lakini itikia.

Nimeombwa kuzungumzia ule uwanja wa katikati ya mji, pale Kampala Road, mbele ya Mahakama Kuu. Waliokuwa wakubwa wakati wa uhuru waliujua kwa jina la City Square. Baadaye ukawa Constitution Square, na siku hizi unaitwa Jubilee Park. Majina matatu, na yote ya Kiingereza! Mwenye boda ukimwambia "skwea" atakufikisha, hana haja na mengine.

Wengi wetu tunaupita tukikimbilia teksi. Leo nataka tusimame mbele ya kitu kimoja tu mle ndani: mnara wa ukumbusho wa askari waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza na vya Pili. Hauna urembo, na mtu akichoka huegemea ukuta wake bila kusoma kitu. Lakini mimi nauona kuwa ndio jiwe la Kiswahili kuliko yote mjini hapa, ingawa sidhani aliyeujenga alilifikiria hilo.

Nieleze. Jeshi la Mwingereza huku kwetu lilikuwa King's African Rifles, sisi tunasema KAR. Batalioni ya nne ndiyo iliyokuwa ya Uganda. Ndani yake alikuwamo Mwacholi, mtu wa Lango, Mteso, Mnubi, na wengi hawakuijua lugha ya wenzao. Kilichowaunganisha ni Kiswahili, tena kilichokatwakatwa, ambacho hata afisa mzungu alilazimika kukijifunza. Babu yangu alirudi kutoka vitani Burma bila Kiingereza chochote. Alirudi na koti zito, kikohozi, na "mguu pande, mguu sawa". Sisi wajukuu tulipangwa uani kila Jumapili, anatukagua kucha, halafu anapiga kelele: "Nyuma geuka!" Aliyekosea alikwenda kuchota maji. Mdogo wake alikwenda naye Burma mwaka 1944, na yeye hakurudi. Kaburi lake hatulijui.

Sasa tazameni jambo lilivyo. Mwaka 1927 Gowers, gavana Mwingereza wa Uganda, alitaka Kiswahili kipewe nafasi kubwa shuleni na serikalini. Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, akakataa, na Buganda ikakataa pamoja naye. Siwalaumu. Ukiletewa lugha na gavana, utauliza imebeba nini mgongoni. Jirani Kenya, walikojaa masetla, ilikuwa ndiyo lugha ya kuamrishia vibarua. Baadaye Idi Amin, ambaye naye alilelewa na KAR, akatangaza mwaka 1973 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa. Mnajua yaliyofuata. Mama mmoja wa sokoni aliniambia kwamba miaka ile ukisikia Kiswahili cha askari usiku mlangoni, hufungui. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, lakini sheria haifuti sauti ya mlangoni.

Uhuru wenyewe haukutangaziwa pale uwanjani. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Oktoba 1962 watu walikusanyika Kololo, bendera ya Mwingereza ikashushwa, yetu ikapanda, na Milton Obote akawa waziri mkuu wa nchi huru. Mnara wa uhuru nao uko kwingine, jirani na bustani za Sheraton. Mnauona kila siku kwenye noti zenu: mama aliyezungushiwa vitambaa mwilini, amemwinua mtoto, na mtoto kanyoosha mikono mbinguni. Aliyeuchonga ni Gregory Maloba, Mkenya aliyesomea sanaa Makerere chini ya Margaret Trowell kisha akafundisha palepale. Mkenya ndiye aliyetuchongea uhuru wetu! Hilo linanifurahisha kila nikilikumbuka.

Kwa hiyo mji una sehemu mbili za kukumbuka. Kule kwa Maloba ni kwa watalii na maharusi. Hapa uwanjani ni kwa watu wa kawaida: anayesubiri kesi yake iitwe, anayekula karanga kwenye karatasi, na kaloli, wale korongo wakubwa, juu ya miti wakitusimamia kama mahakimu waliostaafu. Mwaka 2011, wakati wa maandamano ya kutembea kwenda kazini, polisi waliufunga. Mimi naona uwanja wa uhuru usiokalika ni bustani ya maua tu, na mwenye kubisha tutabishana baada ya chai.

Mara ya mwisho nilipokwenda, askari wa langoni aliniuliza kwa Kiswahili, "Mzee, unatafuta nini humu?"

Nikamwambia nimekuja kumwona babu yangu mdogo, yule aliyebaki Burma.

Akaniangalia. "Alikuwa batalioni gani?"

"Ya nne."

Akasogea pembeni. "Pita, mzee. Ila usikanyage majani."