Uso wa Ptolemy Juu ya Fedha

Mabibi na mabwana, itazameni vizuri picha hii ukutani. Ni sarafu ya fedha iliyofuliwa Misri baada ya mwaka 305 KK, na huyu mwenye kidevu kilichochomoza ni Ptolemy, jemadari wa Makedonia aliyejitangaza mfalme. Kwa Wagiriki hili lilikuwa jambo zito. Athens, hata ilipotawala bahari, iliweka kwenye fedha zake kichwa cha Athena, bundi wake, na herufi tatu za jina la mji. Pericles aliuongoza mji ule miaka mingi, wala sura yake haikuwekwa. Pale palikuwa mahali pa miungu.

Ptolemy alipafikiaje? Polepole, na hapa ndipo ninapomwona hodari kuliko wenzake. Alexander Mkuu, mfalme wa Makedonia aliyekuwa ameiteka Misri, alifariki Babeli mwaka 323 KK. Ptolemy akapewa Misri aitawale kama liwali, akauteka msafara uliobeba maiti ya Alexander na kuileta kwake. Miaka michache baadaye akatoa sarafu zenye sura ya marehemu aliyevaa ngozi ya kichwa cha tembo, na jina lililoandikwa bado lilikuwa la Alexander. Kila aliyeshika fedha ile aliona Misri iko mikononi mwa mrithi. Macho yalipokwisha kuzoea, akaweka uso wake mwenyewe, na upande wa pili tai wa Zeus juu ya radi, pamoja na maneno “ya Mfalme Ptolemy”.

Lakini sura peke yake isingetosha kuifanya sarafu yake itawale soko. Alipunguza uzito wa sarafu kubwa ya fedha kutoka gramu 17 na ushei hadi kama 14, na fedha za kigeni zikakatazwa kutumika Misri mpaka zibadilishwe kwa zile za mfalme.

Ipo barua ya mwaka 258 KK, zama za mwanawe, iliyoandikwa kwenye mafunjo, inayotuonyesha ubadilishaji huo ulivyokwenda. Demetrios, ofisa wa sarafu Aleksandria, anamweleza Apollonios, waziri wa fedha, kwamba amepokea vipande 57,000 vya dhahabu, akavifua upya na kuvirudisha kwa wenyewe. Wageni wengine wanalalamika kwamba dhahabu yao imelala tu, hawapati wa kuwabadilishia, na bidhaa za kununua ziko mbele ya macho yao. Demetrios anasihi dhahabu nyingi iwezekanavyo iingie kutoka nje, na sarafu ya mfalme iwe njema na mpya siku zote, bila mfalme kugharimika chochote.