Dadu Itupwe Mara Ngapi?

Ndugu zangu waongozaji, mnaosimulia hadithi na kuitisha mitupo, na nyinyi mnaobuni michezo ya kuigiza wahusika mezani, leo nashika jambo moja: ni mara ngapi tunawaambia wachezaji watupe dadu.

Tuanze na hesabu. Wahusika wanne wananyemelea nyuma ya walinzi wa ngome. Kila mmoja ana nafasi ya asilimia 70 ya kupita bila kusikika. Mwongozaji anasema kila mtu atupe. Akikosa hata mmoja, kengele inalia. Wachezaji wanaiona 70 inatosha, wanakubali. Lakini ili wote wanne wafaulu ni 0.7 mara yenyewe mara nne, yaani asilimia 24 tu! Baada ya vikao viwili vitatu wameshajifunza kwamba kunyemelea ni kazi bure, afadhali kuvunja mlango. Halafu sisi tunalalamika kwamba kundi letu halipendi kitu ila mapigano.

Sasa tazameni kinyume chake. Chumba kina mlango wa siri, wachezaji ni watano, kila mmoja ana asilimia 40 ya kuuona. Wa kwanza anakosa. "Na mimi nijaribu." Wa tatu naye anaokota dadu. Wakishatupa wote, nafasi ya angalau mmoja kuuona imefika asilimia 92. Siri gani hiyo?

Katika visa vyote viwili hakuna aliyegusa kiwango cha kufikia, yaani namba ambayo dadu lazima iifikie ili mtu afaulu. Tunabishana sana kama kiwe 13 au 14, na kwenye dadu ya pande 20 tofauti hiyo ni asilimia 5. Idadi ya mitupo ndiyo inayopindua mambo.

Kwa kunyemelea, Dungeons & Dragons, mchezo mmojawapo wa aina hii, toleo la tano la 2014, ina dawa nzuri: wote watupe, nusu wakifaulu kundi zima limepita. Ila angalieni, dawa hii ina nguvu. Wanne wenye asilimia 70 kila mmoja sasa wanapita kwa asilimia 92. Ukitaka kundi libaki karibu na 70, pandisha kiwango mpaka kila mmoja awe na 50. Hapo kundi lina asilimia 69.

Kwa kutafuta, atupe mmoja. Mwenzake akimsaidia, atupe dadu mbili na kuchukua kubwa: ile 40 inakuwa 64, basi. Na kama hadithi haiwezi kusonga bila mlango huo, msiutundike kwenye dadu kabisa. Wauone. Dadu iamue wametumia muda gani, au nani kawasikia wakigonga ukuta.

Jibu baya kuliko yote baada ya kukosa ni "hakuna kilichotokea." Mchezaji ataomba kutupa tena, na ana haki, kwa sababu hajapoteza kitu. Kwa hiyo hasara itajwe kabla dadu haijatoka mkononi: mwenge utazimika, kamba itakatika, mlinzi atageuka. Ukiona huna hasara ya kutaja, usiitishe mtupo. Mpe anachotaka, mchezo uendelee.

Wabunifu, mkitumia dadu mbili za pande 6, ambapo 10 na zaidi ni kufaulu, 7 hadi 9 ni kufaulu kwa gharama, na 6 kushuka ni kukosa, pimeni nyongeza zenu, yaani namba zinazoongezwa kwenye jumla ya dadu, kwa uangalifu mkubwa. Bila nyongeza, kukosa ni asilimia 42. Kwa +1 ni 28, kwa +2 ni 17, kwa +3 ni 8. Ikifika +4, kukosa kunatokea mara 1 katika 36, na ile ngazi ya kati, ambayo kwangu ndiyo utamu wenyewe wa mfumo huu, imeshuka hadi asilimia 25. Komeni kwenye +3. Mhusika akiendelea kukua, mpeni jambo jipya analoweza kulifanya, si namba kubwa zaidi.