Jicho moja linapojibu kwa niaba ya mawili

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Kabla sijaingia kwenye mada, naomba kila mmoja ashike kalamu mbili, moja kila mkono. Nyoosheni mikono mbele, ncha zielekeane kutoka kulia na kushoto, halafu fumbeni jicho moja. Sasa jaribuni kuzigusanisha. Naona nyingi zinapishana hewani, moja imepita mbele ya mwenzake. Haya, fumbueni macho yote mawili, mrudie. Zimekutana.

Hicho kilichoongezeka mlipofumbua jicho la pili ndicho tunachojaribu kukipima. Macho ya mtu mzima yametengana kwa sentimita 6 hivi, kwa hiyo kila jicho hutazama dunia kutoka mahali pake na kupata picha yake. Picha hizo hazilingani kabisa, na ubongo huitumia tofauti hiyo ndogo kujua kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma. Uwezo huo tunauita stereopsisi. Charles Wheatstone wa Uingereza aliuonyesha mwaka 1838 kwa kifaa chepesi cha vioo viwili: kila jicho likapewa mchoro wake, michoro yenyewe bapa kwenye karatasi, lakini mtazamaji akaona umbo limesimama mbele yake.

Kipimo chetu ni sekunde ya tao. Gawa digrii moja mara 3,600, kipande kimoja ndicho sekunde. Weka sindano mbili umbali wa mita 1, moja iwe nyuma ya mwenzake kwa milimita 2 tu: tofauti kati ya picha za macho yako mawili hapo ni kama sekunde 25. Mtu ambaye macho yake yanashirikiana vizuri anaiona. Binafsi nimeifanya kazi hii miaka mingi na bado jambo hilo linanistaajabisha.

Sasa nije kwenye kilichonileta. Wengi wetu tunaofanya utafiti wa macho tunaandika namba kwenye fomu na kuiamini. Lakini namba ya stereopsisi inaweza kuwa safi, ya kupendeza, na macho mawili hayakushiriki kabisa kuitoa. Sababu ni kwamba jicho moja nalo linajua kina. Linatumia vivuli. Linaona kitu kilichokifunika kingine. Linajua kuwa kinachozidi kuwa kidogo kinakwenda mbali, na ukitikisa kichwa, vitu vya karibu vinahama haraka kuliko vya mbali. Mtu aliyepoteza jicho moja huendelea kushuka ngazi na kumimina maji kwenye glasi. Kwa hiyo kila kipimo chetu kina swali la ndani yake: je, jicho moja likibaki peke yake, litaweza kujibu?

Niwape kisa changu. Nilikuwa mtafiti kijana, natumia kile kitabu cha nzi ambacho wengi wenu mnakijua. Mtoto anavaa miwani ya polaroidi, inayolipa kila jicho picha yake, anafunguliwa picha ya nzi mkubwa, anaambiwa abane mabawa. Tofauti ya picha ni kubwa sana hapo, takribani sekunde 3,000. Mtoto mwenye stereopsisi haigusi karatasi. Vidole vyake vinasimama hewani, juu kabisa ya ukurasa, vinabana kitu ambacho sisi wengine tusio na miwani hatukioni. Wengine hurudisha mkono kwa hofu. Asiye nayo huweka vidole moja kwa moja kwenye karatasi. Ni kipimo ninachokipenda kwa sababu mkono hausubiri kufikiri.

Baada ya nzi kuna viduara. Kila kisanduku kina viduara vinne, kimoja kati yake kinajitokeza, na tofauti inapungua hatua kwa hatua kutoka sekunde 800 hadi 40. Akaja msichana wa miaka kama sita, ana jicho vivu, yaani jicho ambalo ubongo haulitumii vizuri, tunalijua, limeandikwa kwenye faili lake. Nzi ameshindwa kumbana, kagusa karatasi. Lakini viduara akavitaja: cha kwanza sawa, cha pili sawa, cha tatu, cha nne. Sekunde 140. Nikaandika, nikafurahi. Halafu nikamuuliza, mwanangu, umejuaje? Akanijibu bila kusita: “Hiki kimekaa upande.”

Nikamfunika lile jicho vivu kwa kiganja changu, nikamwambia aanze upya. Akavitaja vyote vinne vilevile.

Alikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekosea. Ili kiduara kijitokeze, lazima picha yake ihamishwe kidogo pembeni, na kwenye hatua za mwanzo uhamisho huo unaonekana hata kwa jicho moja. Hakudanganya hata kidogo. Nilimuuliza kipi ni tofauti, akanionyesha kilicho tofauti. Wiki ile nilikuwa nimeshajaza karatasi za watoto wengi, na ilibidi nirudie wote.

Tangu hapo sijawahi kuamini viduara peke yake. Kuna njia rahisi: kigeuze kitabu juu chini. Kwa miwani ya polaroidi, kile kilichokuwa kimejitokeza sasa kinapaswa kuzama nyuma ya ukurasa. Mtoto anayesema “kimeingia ndani” anakuambia habari ya macho mawili. Anayesema tena “kiko upande” amekwambia habari ya jicho moja.

Dawa kubwa zaidi ya tatizo hili aliileta Béla Julesz, mwanasayansi mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Marekani, mwaka 1960. Alitengeneza picha mbili za vidoti vilivyotawanywa ovyo kwa kompyuta. Tazama picha moja peke yake, huoni chochote isipokuwa vumbi. Zitazame zote mbili, kila jicho na yake, na mraba unaibuka katikati. Mraba huo haumo kwenye picha yoyote kati ya hizo mbili. Unazaliwa pale ubongo unapozilinganisha. Hapo ikawa wazi kuwa ubongo hauhitaji kwanza kutambua umbo ndipo upate kina. Vipimo vingi tunavyotumia leo, vya miwani nyekundu na kijani na vinginevyo, vimetokana na wazo hilo. Navyo vina gharama yake: rangi mbili tofauti mbele ya macho zinayafanya yashirikiane kwa shida, kwa hiyo watu wengi hupata namba mbaya zaidi humo. Msichanganye basi namba za kipimo hiki na za kile kwenye jedwali moja. Nimeona ikifanyika.

Vipo pia vipimo visivyohitaji miwani, kama vile vibao vya kioo cha plastiki vyenye michoro upande wa mbele na wa nyuma. Watoto wadogo wasiotaka kuvaa kitu usoni huvikubali. Lakini kina cha kibao ni kina halisi, na mtoto akiinamisha kichwa huku na huku, jicho moja litalipata jibu. Mshike kidevu kwa upole.

Na umbali. Kitabu kimepangwa kwa sentimita 40. Mtoto akikivuta hadi 20, swali la sekunde 40 limekuwa la sekunde 80, nawe hujui. Mimi nimefunga uzi wa sentimita 40 kwenye jalada. Ncha ya pili naishika karibu na jicho. Uzi tu, na umeokoa data nyingi kuliko programu yoyote niliyowahi kununua. Kwa watoto ambao jicho hugeuka kuelekea nje mara mojamoja tu, pimeni na umbali wa mita kadhaa, maana stereopsisi yao ya mbali huharibika kabla ya ile ya karibu.

Kubahatisha kupo pia: viduara vinne maana yake robo ya majibu ni bahati. Uliza hatua ileile mara tatu, na bahati inashuka hadi 1 kwa 64.

Kuhusu hesabu nitasema machache. Msitafute wastani wa sekunde zenyewe. Kutoka 800 kwenda 400 ni hatua moja, kutoka 50 kwenda 40 nayo ni hatua moja, tumieni logi (logarithimu) zake. Na aliyeshindwa kabisa msimwandikie sifuri, kwa maana sifuri ingekuwa uoni kamili. Aandikwe “hakuna”, na ahesabiwe katika kundi lake.

Neno hilo “hakuna” zamani lilichukuliwa kuwa la mwisho. David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Nobeli mwaka 1981, walionyesha kwa paka wadogo jinsi ubongo unavyolisahau jicho lililofumbwa mapema, na wengi wakahitimisha kuwa ukubwani hakuna linalorekebishika. Kisha Susan Barry, mtaalamu wa neva wa Marekani aliyekuwa na makengeza tangu utotoni, akaanza kuona kina akikaribia miaka hamsini, baada ya mazoezi ya macho. Alikuwa ndani ya gari alipoona usukani umejitenga, umesimama peke yake hewani.

Yule msichana naye alipewa miwani na kufunikwa lile jicho lake lenye afya kwa saa kadhaa kila siku. Aliporudi baada ya miezi, nilimpa vidoti vya aina ya Julesz, ambavyo mara ya kwanza havikumwonyesha chochote. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole na kuzungusha mduara, taratibu, pale hasa mduara ulipokuwa. Kwenye kitabu cha viduara alipata 140, kama mara ya kwanza.