Asha na herufi zilizobaki njiani

RUKIA: Karibuni. Leo tuna jina la Asha. Hamisi, wapo wanaosema Asha ni Aisha iliyoharibika, jina la kishamba.

HAMISI: Halijaharibika, limesemwa Kiswahili. Kiarabu kinaliandika kwa herufi tano: aini, alifu, hamza, shini, na ile tee ya mwisho, ya duara. Kiswahili hakina sauti ya aini wala ya hamza, zikaanguka. Ikabaki Aisha, na katika kuitana “i” ikamezwa: Asha. Wengine pwani ya Kenya wakaziunganisha irabu mbili, wakapata Esha.

RUKIA: Na maana?

HAMISI: Mwanamke aliye hai, anayeishi. Umbo lake ni sawa na la Fatima. Sasa sikiliza: mzizi huohuo ndio uliotupa “ishi” na “maisha”. Kwa Kiarabu ni ma'isha, aini iko katikati, nayo ikaanguka vilevile. Kisha Kiswahili kikaona “ma-” mwanzoni, kikalipeleka neno kwenye ngeli ya maji na mawe: maisha yangu, maisha haya. Anayemcheka Asha ayacheke na maisha.

RUKIA: Je, sala ya Isha? Nasikia aliyezaliwa usiku ndiye Aisha.

HAMISI: Zinafanana masikioni tu. Isha ya sala ina mzizi wa usiku unapoingia. Ashura ni kumi, siku ya kumi ya Muharram. Na “ashakum si matusi” ndiyo haihusiki kabisa, hiyo ni “hasha”.

RUKIA: Aliyelitangaza jina ni Bibi Aisha binti Abubakar, mke wa Mtume. Zimepokewa kwake hadithi 2,210. Alifariki mwaka 58 wa Hijria, yaani 678, akazikwa Baqii, Madina. Ila kwa Mashia hulikuti sana, kwa sababu mwaka 656, katika Vita vya Ngamia huko Basra, alikuwa upande uliompinga Ali, imamu wao wa kwanza. Ndiyo maana hata hapa pwani, kwa Khoja Ithnaasheri, Mashia wenye asili ya India, ni nadra.

HAMISI: Wasomali wanaandika Caasha, na hiyo C ndiyo aini yenyewe, wao wameibakiza. Waturuki, Ayşe. Wahausa wanasema Aishatu, Senegal na Guinea Aïssatou. Hiyo “tu” si urembo, ni ile tee ya mwisho ambayo sisi hatuitamki.

RUKIA: Sisi tulikata mkia, tukavisha kilemba. Mwana Aisha, Mwanaisha. Hapo “mwana” si mtoto, ni heshima ya bibi mwungwana, kama kwa Mwana Kupona. Mwanahawa na Mwanaidi ni mtindo uleule.

HAMISI: Na kuna Asha asiye ndugu: Asha wa Kihindi, kama mwimbaji Asha Bhosle. Hilo ni la Kisanskriti, maana yake tumaini. Ukimsikia Asha mjini Mombasa au Dar, tazama kwanza jina la baba.

RUKIA: Kishamba, mlisema? Asha-Rose Migiro alikuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, 2007 hadi 2012, na hakuongeza “i”. Haya, vyeti.

HAMISI: Hapo ndipo watu wanapoumia. Cheti cha kuzaliwa Asha, cha shule Aisha, pasipoti Aysha. Kwa kompyuta hao ni watu watatu. Kubalianeni tahajia kabla fomu ya hospitali haijajazwa, msingoje akika ya siku ya saba. Kosa likishaingia, anzeni kurekebisha cheti cha kuzaliwa, maana vingine vinakifuata hicho. Kwenda na kiapo kwenye pasipoti peke yake ni kuhamisha tatizo.

RUKIA: Na anayekwenda Muscat au Dubai?

HAMISI: Karani akisoma “Asha” kwa herufi za Kilatini anaweza kuandika alifu ya mada, yaani ya kuvutwa, kisha shini, alifu. Huyo ni Asha wa Kihindi! Mwandikie mwenyewe kwenye karatasi: aini, alifu, hamza, shini, tee.