Kuviringisha Donge si Undugu: Kupanga Upya Mbawakawa wa Mavi

Mhadhara uliotolewa Dar es Salaam

Ndugu wasikilizaji, mbawakawa wa mavi, yaani nusu-familia ya Scarabaeinae, walipangwa kwa muda mrefu kufuata kazi yao: waviringishaji wenye miguu mirefu ya nyuma huku, wachimbaji wenye miundi ya mbele mipana kama sepetu kule. Mpango wenyewe unavutia. Lakini wapagazi wa Kariakoo wote wana mabega sugu, na hakuna anayedai wamezaliwa tumbo moja. Uchambuzi wa maumbo uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba kuviringisha kumezuka zaidi ya mara moja. Mwaka 2016 makabila mawili makubwa (kabila hapa ni kundi la jenasi ndani ya nusu-familia), Deltochilini na Dichotomiini, yakawekewa mipaka mipya, na jenasi nyingi zikabaki bila kabila.

Sifa za kutegemewa zaidi zimefichika tumboni mwa dume. Loweka mdudu mkavu kwenye maji ya moto mpaka viungo vilegee, toa tumbo, litie katika haidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10 usiku kucha, bila moto. Ukichemsha ili uwahi, vibamba vya mfuko wa ndani wa uume hupauka, na hivyo ndivyo unavyovitafuta. Suuza kwa maji yenye matone ya siki, maana dawa ikibaki huendelea kula. Hifadhi kiungo ndani ya gliserini, katika kichupa kilichochomwa kwenye pini ileile ya mdudu wake. Na kwa unyevu huu wa Dar, sanduku lisilo na silika jeli ni shamba la ukungu.

Pembe msiziamini. Kwa mbawakawa wengi wa jenasi ya Onthophagus, dume aliyeshiba akiwa lava, yaani buu, huota pembe ndefu. Nduguye aliyepunjwa hupata kinundu tu. Meno ya muundi nayo husagika kwa kuchimba, basi yahesabuni kwa mbawakawa vijana. Rangi ya kijana huyohuyo msiiandike, bado haijakolea.

Kosa baya zaidi hutokea kwenye jedwali la sifa, lile ambalo programu ya kompyuta hulisoma ili kupanga undugu. "Haipo" si sawa na "haihusiki". Spishi iliyopoteza mabawa ya kurukia haina mishipa ya mabawa ya kuhesabu: andikeni kistari ("haihusiki"), si sifuri ("haipo"). Ukijaza sifuri kwa kila mshipa, programu itahesabu upotevu mmoja mara kumi, na wasioruka wote watakusanywa kama ndugu. Tumerudi kulekule kwa wapagazi.

Jina la spishi lisiguswe kabla ya kuchunguza holotaipu, yaani kielelezo kimoja ambacho jina hilo limefungwa kwacho. Holotaipu nyingi za spishi zetu ziko Ulaya, Berlin na London zikiwamo. Mkiomba picha, ombeni na ya uume. Ya mgongo peke yake haitoshi.