Nani Ameshika Kitufe? Riwaya za Distopia na Faragha Yetu

Asanteni sana. Kabla sijaanza, naomba kila mmoja aitoe simu yake, ailaze mapajani au mezani, uso chini. Vizuri. Sasa niambieni: nani hapa ana hakika kwamba simu yake, hivi ilivyolala kifudifudi, haisikii wala haijui ipo wapi? Naona mikono miwili. Wengine mnacheka tu. Kicheko hicho ndicho nitakachokizungumzia.

Zikitajwa riwaya za distopia, yaani hadithi za jamii iliyooza huku ikijisifu kuwa imekamilika, watu hukimbilia jina moja: Kaka Mkubwa, mtawala wa kubuni anayemtazama kila mtu. George Orwell alichapisha *Nineteen Eighty-Four* mwaka 1949, na tangu hapo kila kamera ikitundikwa barabarani jina hilo hutajwa. Mimi naona riwaya ile tumeisoma juujuu. Ule uso wenye masharubu kwenye mabango unatisha, sikatai, lakini bango halirekodi kitu.

Mimi hunikaa zaidi kichwani habari ya kitufe. Chumbani kwa Winston, mhusika mkuu, kuna teleskrini, chombo kinachorusha matangazo na papo hapo kinamsikia na kumwona mwenye chumba. Kukipunguza anaweza, kukizima hawezi. Siku moja yeye na mpenzi wake Julia wanakwenda kwa O'Brien, kigogo wa Chama cha Ndani, tabaka la juu la watawala. O'Brien anapita mbele yao, anabonyeza kitu ukutani, sauti inakatika ghafla. Julia anaguna kwa mshangao. Winston anashindwa kujizuia, anaropoka: kumbe unaweza kuizima! O'Brien anajibu kwamba ndiyo, watu wa ngazi yake wana upendeleo huo.

Faragha hapo imekuwa cheo. Wa chini anatazamwa, wa juu anachagua. Wengi wakifika ukurasa huo hutikisa kichwa, wakaendelea. Lakini subirini. Baadaye, Winston akiwa mikononi mwa watesaji, O'Brien anamsikilizisha rekodi. Ni mazungumzo ya usiku uleule, ikiwemo ile ahadi mbaya aliyoitoa akidhani hasikiki. Chombo kilizimwa mbele ya macho yake na bado maneno yalinaswa. Orwell hata hajishughulishi kueleza yalinaswaje.

Sasa tutoke riwayani. Agosti 2018 shirika la habari la Associated Press liliripoti kuwa mtu aliyezima mpangilio wa Google uitwao Historia ya Mahali bado alikuwa akihifadhiwa kumbukumbu za alikopita. Kulikuwa na mpangilio mwingine, ukurasa mwingine, wenye jina linalotaja shughuli za wavuti na programu, mahali hapakutajwa kabisa. Asiyeujua huo, ule wa kwanza aliuzima bure. Novemba 2022 kampuni hiyo ilikubali kuyalipa majimbo 40 ya Marekani dola milioni 391.5 ili shauri liishe.

Kisa kingine ni kidogo, na mimi nakipenda zaidi kwa sababu kinahusu tochi. Mwaka 2013 mamlaka ya Marekani inayolinda walaji iliibana programu ya bure ya tochi ya simu za Android, iliyokuwa imepakuliwa na watu mamilioni. Ukiifungua mara ya kwanza, inakuletea masharti na vitufe viwili: kubali, kataa. Watu walisimama hapo, wengine labda wakafikiri kidogo. Wakati wanafikiri, tochi ilikuwa imeshaanza kutuma mahali walipo na namba ya utambulisho wa simu. Hakuna aliyeulizwa, walionyeshwa tu picha ya kuulizwa. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwahi kuona simu, lakini mfuko waliujua.

Na kitufe si cha kutazama peke yake. Julai 2009 wateja wa Amazon waliokuwa wamenunua nakala fulani za vitabu kwa ajili ya Kindle, kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, walikuta zimefutwa kwenye vifaa vyao, kutoka mbali. Aliyeziuza hakuwa na haki za kuziuza, na wateja walirudishiwa pesa. Moja ya vitabu hivyo kilikuwa hicho hicho cha Orwell. Mkuu wa kampuni aliomba radhi hadharani. Ningekuwa mtunzi nikaweka tukio hilo katika riwaya, mhariri angeniambia nimezidisha.

Kabla ya Orwell alikuwepo Mrusi Yevgeny Zamyatin. Riwaya yake *Sisi* ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1924, na katika Umoja wa Kisovieti ikangoja hadi 1988. Watu wake wanaishi katika majengo ya vioo. Pazia hushushwa kwa saa maalumu tu, kwa tikiti ya waridi, nanyi mtakisia ni kwa shughuli gani. Kinachonisumbua ni msimulizi mwenyewe, mhandisi D-503: anazipenda zile kuta. Anaona fahari kutokuwa na cha kuficha. Sentensi hiyo, "sina cha kuficha", naisikia kila ninapozungumzia mambo haya, na mara nyingi huisema mtu mwema kabisa.

Nikiri kwamba Orwell ana mapengo. Hakuwaza kwamba tungetazamwa ili tuuziwe viatu. Wala riwaya yake haitusaidii sana kumwelewa mtu aliyehukumiwa na kompyuta. Hapo namrudia mwandishi Franz Kafka, ambaye mhusika wake Josef K. anakamatwa asubuhi moja bila kuambiwa kosa. Na nje ya riwaya, nchini Uholanzi wazazi maelfu walishutumiwa kwa uongo kwamba wameiba ruzuku ya malezi ya watoto. Mfumo wa kupima hatari uliutazama hata uraia wao. Waliodai majalada yao, baadhi walipewa kurasa zilizofutwa kwa wino mweusi. Serikali ilijiuzulu Januari 2021, na kwa wengi nyumba na kazi zilikuwa zimekwishapotea.

Sheria imejaribu kukifuata kitufe. Kanuni ya Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika Mei 2018, inataka kuondoa ridhaa kuwe rahisi kama kuitoa. Jipimieni leo usiku: kukubali ni mguso mmoja, hesabuni miguso ya kukataa.

Nimalizie kwa chumba cha juu ya duka la vikorokoro. Winston anakipanga kwa pesa yake kwa sababu hakina teleskrini. Ukutani kuna picha ya jengo la zamani anayoipenda. Mwenye duka alishamwambia kwamba fremu yake imekazwa ukutani, ila angeweza kuifungua. Julia anaitazama, anasema nyuma yake lazima kuna kunguni, siku moja ataishusha aisafishe. Hakuishusha. Walipokuja kukamatwa picha ilianguka yenyewe, na teleskrini ilikuwa nyuma yake.

Geuzeni simu zenu. Nakaribisha maswali.