Ukisimama ghafla, nani anaishika presha isianguke?

Jamani kabla sijaanza, kila mtu aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, ahesabu mapigo kwa sekunde 15. Tayari? Haya simameni wote, hesabuni tena. Yameongezeka eh? Basi somo limeshaanza hapo.

Ulivyosimama, kama nusu lita ya damu au zaidi imeteremka miguuni na tumboni, inayorudi kwenye moyo ikapungua, presha nayo ikaanza kushuka, na pasingekuwa na mlinzi ungedondoka hapo hapo maana ubongo uko juu na ukikosa damu sekunde kama 10 tu fahamu zinapotea. Huyo mlinzi yuko shingoni. Pale ateri kubwa ya shingo inapogawanyika, karibu na kona ya taya, ndani ya ukuta wake kuna ncha za neva zinazohisi ukuta unavyovutika, na nyingine ziko kwenye aota, ile ateri kuu inayotoka moyoni. Presha ikipanda zinapeleka taarifa mfululizo kwenye ubongo, ikishuka zinapunguza, karibu zinanyamaza. Na huo ukimya ndio ujumbe wenyewe! Mi nimefundisha hili miaka mingi na bado linanishangaza. Ubongo ukiona kimya unauharakisha moyo na kubana mishipa midogo, yote ndani ya mapigo machache. Na kubana si kitu kidogo, mshipa ukipungua upana wa ndani kwa nusu, ugumu wa damu kupita unaongezeka mara 16.

Ila hizi neva zinazoea, na hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri. Presha ikikaa juu siku kadhaa zinaichukulia ndio kawaida, zinaanza kuilinda hiyo hiyo ya juu, ndio maana mtu anatembea na presha ya 180 (ile namba ya juu) na hasikii chochote, kichwa hakiumi, anakwambia mi mzima kabisa.

Kwa hiyo mwenye kazi ya muda mrefu ni figo. Zinachuja kama lita 180 za maji kutoka kwenye damu kwa siku, karibu zote zinarudi kwenye damu, na presha ikipanda zinatoa chumvi na maji mengi zaidi kwenye mkojo. Ikishuka zinamwaga kwenye damu kimeng'enya kinaitwa renini, ambayo watafiti Tigerstedt na Bergman waliigundua mwaka 1898 kule Sweden, walichukua maji ya figo za sungura wakawadunga sungura wengine, presha ikapanda. Renini inaanzisha safari ya kutengeneza angiotensini, hiyo inabana mishipa na kuamsha homoni ya aldosteroni kwenye tezi za juu ya figo, chumvi inabaki mwilini na maji yanaifuata. Hii inachukua masaa mpaka siku, sio sekunde.

Sasa figo zikishindwa kutoa chumvi kwa presha ya kawaida, presha inapanda mpaka chumvi itoke, yaani mwili unakubali kuumiza mishipa ili mizani ya chumvi isiharibike. Ndio maana dawa nyingi za presha zinalenga huko huko, nyingine zinazuia angiotensini, nyingine zinakukojoza chumvi.